Mlonge, bamia na maji ya kunywa: maswali kutoka mitaa ya Nairobi

Ni kweli mbegu za mlonge (moringa) husafisha maji?

Kweli. Akina mama wa Sudan wamezitumia kwa maji ya mto Nile tangu zamani. Ndani ya mbegu mna protini yenye chaji chanya, ilhali udongo na bakteria wengi wana chaji hasi. Vikikutana hushikana, huwa mabonge, na mabonge huzama.

Natumia vipi?

Chukua mbegu zilizokaukia mtini. Toa ganda la kahawia na mabawa yake ubaki na kiini cheupe, kisha kitwange siku hiyohiyo, maana unga uliokaa hupoteza nguvu. Mtungi wa lita 20 wenye maji yaliyochafuka kiasi unahitaji mbegu kama 10. Yakiwa tope, fika hadi 20. Changanya unga na kikombe cha maji safi, chuja kwa kitambaa, mimina ule uji mweupe kwenye ndoo. Koroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole dakika 10. Funika, uache saa moja au mbili bila kuitikisa. Tope litatua chini. Teka maji ya juu taratibu na uyachuje.

Na majani je?

Majani ni mboga nzuri. Kwa maji, tumia mbegu.

Yakishang'aa, nayanywa?

Hapana, tafadhali. Hapa ndipo watu wengi wanapougua. Mlonge hupunguza bakteria sana lakini hauwamalizi, na mabaki ya mbegu huwalisha waliobakia, hivyo kufikia kesho yake wanaweza kuongezeka tena. Kule Mukuru au Mathare, bomba la plastiki likipita ndani ya mtaro wa maji taka kisha lipasuke, kinachoingia ni kinyesi, na kipindupindu na taifodi havionekani kwa macho. Chemsha hadi maji yatokote kabisa, yapoe yakiwa yamefunikwa, yaishe siku hiyo. Wanaotumia klorini waitie baada ya kuchuja. Ukiitia kwenye maji ya tope, nguvu yake huishia kwenye tope.

Bamia nazo huondoa plastiki?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tarleton State, Texas, walionyesha kwamba ute wa bamia na wa mbegu za uwatu hunasa chembe ndogo mno za plastiki na kuzizamisha. Katika maji ya ardhini, uwatu uliondoa takriban asilimia 80 hadi 90. Lakini walitumia ute uliokaushwa ukawa unga na kupimwa kwa gramu. Vipande vya bamia ndani ya mtungi ni jambo jingine kabisa.

Tunatumia kisima kirefu cha ploti na meno ya mtoto yana madoa ya kahawia. Mlonge utasaidia?

Usiutegemee. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa, kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi imeyeyuka ndani ya maji, haizami kama tope, na kuchemsha huikoleza zaidi kwa sababu maji hupungua. Peleka sampuli maabara ikapimwe. Wakati unasubiri majibu, mtoto anywe maji ya mvua au ya mfereji, yaliyochemshwa.