Miksa ya transmita: unyoofu kwanza, geini baadaye

Mafundi wa minara ya intaneti hapa Arusha wakiniletea redio inayochafua chaneli ya jirani, mshukiwa huwa amplifaya ya mwisho. Mara nyingi ni kweli. Mimi hata hivyo huanza na miksa, saketi inayohamisha ishara kutoka masafa ya chini hadi ya juu, kwa sababu uchafu ukishaingia pale, amplifaya hata iwe nzuri vipi itaukuza pamoja na ishara.

Chukua redio ya gigahezi 5.8 inayorusha kutoka mjini kwenda Usa River. Ishara huandaliwa kwenye masafa ya chini, tuseme megahezi 400, kisha miksa huipandisha kwa kuizidisha na wimbi la gigahezi 5.4 kutoka kwa osileta, saketi inayozalisha wimbi la masafa thabiti. Inatoka 5.8 unayoitaka, 5.0 usiyoitaka, na osileta yenyewe ikivuja katikati. Hizo mbili ziko mbali, filta inazimudu.

Tatizo liko karibu zaidi. Ingiza toni mbili, yaani ishara za majaribio zenye masafa mamoja kila moja, megahezi 399.5 na 400.5. Zitatoka kwenye 5799.5 na 5800.5, na miksa isiyonyooka, yaani ambayo kinachotoka hakilingani kwa uwiano na kinachoingia, itazaa nyingine mbili ubavuni: 5798.5 na 5801.5. Hapo hakuna filta itakayokuokoa.

Tuseme kila toni inatoka na -10 dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja) na uchafu uko -50. Punguza ishara inayoingia kwa desibeli 5: toni zinashuka hadi -15, uchafu unashuka mara tatu yake, hadi -65. Pengo limepanuka kutoka desibeli 40 hadi 50, na wengi huridhika hapo. Ila mvujo wa osileta haushuki pamoja na ishara. Kama ulikuwa -35 unabaki -35, na kelele nazo zinabaki pale pale. Ndiyo maana nasisitiza unyoofu ujengwe ndani ya miksa yenyewe.

Kwenye miksa inayofuata saketi aliyoichapisha Barrie Gilbert mwaka 1968, transista mbili za chini hugeuza volti kuwa mkondo, na nne za juu huurusha mkondo huo huku na huku kwa mwendo wa osileta. Zile mbili zikiachwa hivi hivi, makumi machache tu ya milivolti yanatosha kuzipotosha. Nazifunga rezista kwenye emita, mmoja wa miguu ya transista. Geini, yaani ukuzaji wa ishara, inapungua, nami nailipa bei hiyo bila kusita: geini nitaiongeza hatua inayofuata, lakini unyoofu uliopotea hapa ni kazi kubwa kuurudisha.

Kwenye zile nne za juu, kinachotakiwa ni wepesi. Duru moja ya gigahezi 5.4 ni pikosekunde 185 hivi. Transista zikichelewa kupokezana, zote hupitisha mkondo kwa pamoja, na kelele hupenya hapo. Osileta iwe na nguvu ya kutosha, lakini ikizidi, mvujo nao unapanda. Njia za pande mbili kwenye bodi zilingane kabisa.

Miksa ya pete ya dayodi nne nayo ni chaguo zuri. Inapoteza karibu desibeli 4 hata ikiwa kamilifu, lakini ile ya kuendeshwa na osileta ya +17 dBm hunyooka kuliko ya +7, kwa kuwa ishara haifui dafu mbele ya osileta.

Kabla hujailaumu miksa, weka atenyueta (kipunguza ishara) ya desibeli 10 mbele ya analaiza ya spektra, kifaa kinachoonyesha nguvu iliyopo kwenye kila masafa. Pengo kati ya toni na uchafu likibadilika, uchafu huo unatoka kwenye analaiza.