Kilomita za baiskeli usiziandike kama za kukimbia

Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo naanza nalo. Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na jioni naongoza kikundi kidogo cha wakimbiaji. Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja wa kikundi, aliyekuwa akijiandaa kwa nusu marathoni, alitegua kifundo cha mguu kwenye mawe. Anayezijua barabara zetu hatashangaa: lava ya volkano ya Nyiragongo iliyokatiza mjini mwaka 2002 hadi ziwani bado tunaikanyaga, nyeusi na yenye meno. Nikampa wiki sita za baiskeli na kuogelea. Na kwa kuwa alichukia kuona kurasa tupu kwenye kaye (daftari) yake ya mazoezi, nikamwambia agawanye kilomita za baiskeli kwa tatu, jibu aliandike kama amekimbia.

Kaye ikapendeza. Kila wiki kilomita arobaini na kitu. Kifundo kilipopona tukaendelea na arobaini zile zile, maana karatasi ilisema hakusimama hata siku moja. Wiki ya tatu akaja akichechemea, akanionyesha kwa kidole mahali kwenye muundi, padogo kama kifungo cha shati. Mfupa ulikuwa umelemewa.

Moyo wake haukuwa na tatizo lolote. Hapo ndipo mtego ulipo. Baiskeli na maji huutunza moyo na mapafu vizuri sana, ila mfupa wa muundi na kano ya kisigino havipati kile kishindo cha mguu kutua chini, mara elfu kadhaa kwa saa. Tena mfupa unaopewa mzigo mpya huanza kwa kujibomoa kidogo kabla ya kujijenga, kwa hiyo wiki za kwanza za kurudi ndizo wiki zake dhaifu. Pumzi inasema twende. Mfupa bado uko kwenye matengenezo.

Tangu siku ile kaye za watu wangu zina safu mbili zisizochanganywa. Ya kwanza ni kilomita za kukimbia kwa miguu, basi. Siku ya baiskeli inaandikwa 0, na hiyo sifuri usiionee aibu, ndiyo itakayokulinda ukirudi. Safu ya pili ni mzigo wa mwili mzima: dakika za zoezi mara ugumu wake, kutoka 0 hadi 10, kama ulivyousikia mwenyewe. Njia hii ilienezwa na mwanasayansi wa Marekani, Carl Foster, na inanifaa kwa sababu haihitaji saa ya bei. Jipe alama nusu saa hivi baada ya kumaliza, siyo papo hapo, la sivyo ule mlima wa mwisho utaandika alama peke yake.

Mstari mmoja unakuwa hivi: «Jumanne. Kuogelea, dakika 35, ugumu 6, mzigo 210. Km 0. Kifundo kimya.» Maneno mawili ya mwisho nayapenda kuliko hesabu yote.

Mwenye saa ya kupima mapigo ya moyo aandike pia alikuwa kwenye zoezi gani. Kwa ugumu ule ule, mapigo kwenye baiskeli huwa chini kidogo kuliko ya kukimbia, na majini yanashuka zaidi, kwa watu wengi mapigo kumi hivi kwa dakika, kwani mwili umelala na maji yanausaidia kurudisha damu moyoni. Ukilazimisha mapigo ya barabarani ukiwa ziwani utatoka umekufa. (Na ukitafuta pa kuogelea upande wa Sake, waulize wenyeji kwanza mazuku, hewa ya sumu itokayo ardhini, yako wapi. Hewa ile nzito hujaa mashimoni, na asubuhi mapema ndiyo mbaya zaidi.)

Mazoezi ya nguvu, kamba, kucheza mpira na watoto: dakika, ugumu, umemaliza.

Ila kuna zoezi moja ambalo wengi hawaliandiki kwa sababu hawaliiti zoezi. Kijana mmoja wa kikundi anashusha makabichi na makaa kutoka Kibumba, kule juu kaskazini mwa mji, kwa chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Alikuwa analalamika kwamba Alhamisi miguu inamgomea. Nikafungua kaye yake: Jumatano zote kaandika «repo», yaani mapumziko. Nikamuuliza Jumatano anafanya nini. «Naenda soko, Muganga.» (Ananiita Muganga, yaani daktari, ingawa mimi ni kine tu, nimeshachoka kukataa.) Kwenda soko kulikuwa saa nne za chukudu, kuteremka na mzigo na kupandisha mti mtupu. Kwa alama yake mwenyewe, ugumu 5: mzigo 1200, zaidi ya mara mbili ya mbio zake ndefu za Jumapili.

Jumatano ikaandikwa, na mbio kali zikahamia Jumamosi. Nikamwomba aongeze pembeni ni mguu gani uliosukuma na upi uliopiga goti. Kwenye kusukuma kurasa zikajaa neno «kushoto», na nyonga iliyokuwa ikimuuma ni ya kushoto. Nikamshauri abadilishe. Akanitazama kama mtoto asiyejua kitu: «Muganga, kwenye mteremko wa Kibumba mguu wa breki haubadilishwi.» Basi mguu wa kulia tumeupa mazoezi yake nyumbani, dakika 15 kila jioni, nayo yana mstari wake kwenye kaye.