Polariti ya betri ya gari: chanya, hasi na bodi

Polariti ni mpangilio wa ncha mbili za betri, moja chanya (+) na nyingine hasi (−). Betri ya gari ya volti 12 ina seli sita zilizoungwa mfululizo, kila moja ikitoa kama volti 2.1, ndiyo maana betri iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6. Umeme wake hauendi na kurudi kama ule wa nyumbani. Una upande mmoja tu, na vifaa vingi vya gari vimetengenezwa kwa kutegemea upande huo.

Jambo linalosahauliwa sana ni bodi, yaani chuma cha umbo la gari. Katika karibu magari yote ya leo, kuanzia Probox za abiria hadi tuktuk za Malindi mjini, waya wa hasi hufungwa kwenye bodi na injini. Chuma chote hicho ndicho njia ya umeme kurudi kwenye betri. Taa ya nyuma hupelekewa waya wa chanya, na marejeo yake ni chuma chenyewe. Mashua ya mbao au faiba kule Lamu haina bodi ya namna hiyo, kwa hivyo kila taa yake huhitaji nyaya mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Ukishaelewa kazi ya bodi, huna haja ya kukariri utaratibu. Kufungua nyaya za betri huanza na hasi. Tuseme umeanza na chanya, na spana (magari mengi ya Kijapani hutumia namba 10) ikateleza ikagusa bodi. Umeme wa betri utamwagika wote kupitia spana hiyo, mamia ya ampea kwa mpigo. Cheche huruka, chuma hupata moto, na pete au bangili iliyo katikati humuunguza mtu vibaya, basi zivue kabla ya kushika spana. Hasi ikiwa imeshatoka, spana ile ile ikigusa bodi haitokei kitu, kwa sababu njia ya kurudi imekatwa. Kufunga ni kinyume chake: chanya kwanza, hasi mwisho. Land Rover za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo ya bodi. Kwenye gari la aina hiyo anza kufungua chanya. Waya wa bodi ndio wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi, uwe wa upande gani.

Rangi ya waya usiitegemee. Nyekundu huwa chanya na nyeusi hasi, lakini waya uliokwisha kubadilishwa gereji waweza kuwa wa rangi yoyote. Tazama alama zilizo kwenye plastiki ya betri, kisha ufuate waya uone unaishia wapi. Kichwa cha chanya (ncha ya betri inayofungwa waya) pia ni kinene kidogo: kwenye vichwa vyembamba vya Kijapani chanya ni kama milimita 14.7 na hasi 13. Klampu, kile kibano cha mwisho wa waya, ikikataa kuingia, usiigonge kwa nyundo. Huenda umeshika kichwa kisicho chake. Betri ndogo za kufungwa kwa skrubu hazina tofauti hiyo. Hapo tumia mita ya kupimia umeme, kwenye volti 20 za DC (umeme wa upande mmoja): ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, waya mwekundu wa mita umegusa hasi.

Unaponunua betri mpya, soma herufi ya mwisho. 46B24L na 46B24R zina ukubwa mmoja, lakini vichwa vimebadilishana pande. Ukipewa isiyo yako, nyaya hazifiki, na hapo ndipo mtu hushawishika kuzifunga popote zinapofika.

Betri ikifungwa kinyume, chanya mahali pa hasi, wa kwanza kuumia ni alteneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka. Daiodi zake huzuia umeme wa betri usirudi ndani yake. Zikipewa upande usio wake huufungulia njia kabisa, ikawa shoti. Ukiwa na bahati, fyuzi kuu ya ampea 80 hadi 120 hukatika kabla ya daiodi kuungua. Redio na kompyuta ya injini nazo zimo hatarini. Balbu ya kawaida yenye uzi huwaka vilevile hata umeme ukigeuzwa, kwa hivyo taa kuwaka si ushahidi kwamba umefunga sawa. Likishatokea, ondoa waya wa bodi mara moja, kagua fyuzi kuu, na usiizibe kwa kipande cha waya. Injini ikiwaka tena, pima betri: volti 13.8 hadi 14.4 ni dalili kwamba alteneta inachaji.

Kuazima umeme wa gari jingine: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, halafu kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Muungo huo wa mwisho hutoa cheche, na betri hutoa haidrojeni inayolipuka. Kutoa nyaya, rudi nyuma hatua kwa hatua.

Kwa gari linalolala karibu na bahari, chumvi ya hewani huharakisha kutu kwenye klampu, na ukungu mweupe au wa kijani hufunika hata alama za + na −. Fungua nyaya, sugua kwa maji ya uvuguvugu yenye soda ya kuokea bila kuyaingiza kwenye seli, kausha, kaza, ndipo upake grisi.