Mizania ya habari si kugawa dakika nusu kwa nusu

Wengi hudhani habari yenye mizania ni ile inayompa kila upande dakika sawa. Sivyo. Tuseme wauza ndizi wa Soko la Kilombero, Arusha, wanalalamika kwamba ushuru umepandishwa kinyemela, na ofisa anayehusika anakana. Mwandishi akirusha sekunde 40 za huku na 40 za kule, amemtupia msikilizaji kazi yake mwenyewe. Jambo hili linathibitika: aombe stakabadhi za mwezi huu na za mwezi uliopita, azilinganishe na kiwango kilichomo kwenye sheria ndogo ya ushuru. Zikionyesha ongezeko, aseme hivyo waziwazi. Kukana kuripotiwe kama kukana tu.

Anayetuhumiwa lazima aulizwe kabla ya habari kutoka, tena aelezwe tuhuma yenyewe na apewe muda wa kujibu. Kumpigia mara moja, dakika 10 kabla ya taarifa ya saa mbili usiku, ni kiini macho. “Hakupatikana” pia haitoshi: taja alitafutwa vipi na mara ngapi. Jibu lake likae karibu na tuhuma, si aya ya mwisho, ambayo mhariri akibanwa na nafasi huikata kwanza.