Karantini ya samaki wapya wa maji chumvi: yasemwayo Tanga na ukweli wake

Anayefuga samaki wa maji chumvi Dodoma hununua chumvi ya paketi, akapima na kukoroga. Aliye Tanga anashuka na madumu yake Raskazone au Sahare, anachota. Samaki nao hawako mbali: kangaja, kitatange na bunju wanaonekana mwambani maji yakitoka. Urahisi huu umewafanya wafugaji wengi wa hapa waone karantini, yaani kumtenga samaki mgeni kwenye chombo chake kwa wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wenzake, kuwa ni shughuli ya nchi ambako samaki husafirishwa kwa ndege. Msimamo wangu ni kwamba kila samaki mgeni atengwe, awe katoka dukani Dar es Salaam au katoka baharini asubuhi hii.

"Mjomba, huyu katoka baharini saa hii, atakuwa na ugonjwa gani?"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na wanaoisema ni watu wanaoijua bahari vizuri. Wana ukweli wao: samaki wengi wa mwambani wana nguvu na hawana dalili yoyote. Lakini kutokuwa na dalili si kutokuwa na vimelea. Vimelea viwili vinavyomaliza samaki wengi wa akwariamu, *Cryptocaryon irritans* anayeleta madoa meupe na *Amyloodinium ocellatum* anayeleta kitu kama vumbi la dhahabu juu ya ngozi, wote asili yao ni baharini.

Kinachomlinda samaki baharini ni ukubwa wa bahari. Kimelea kikishashiba huanguka chini, na siku watoto wake wanapotoka, samaki waliyemtegemea kashahama, maji yamejaa na kupwa mara kadhaa, na wengi wao hufa bila kupata mwili wa kuingia. Kwenye tangi la lita 300 hakuna pa kupotelea. Samaki aliyeishi mwambani na vimelea vitatu au vinne bila kuhangaika, akiingizwa kwenye kioo pamoja na wenzake watano, anaweza kuwaletea mamia ndani ya wiki mbili. Na anafika akiwa hoi: kakimbizwa na wavu, kakaa kwenye ndoo juani, kapakiwa pikipiki. Kinga yake iko chini siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Niseme na hili, maana linahusu samaki haohao. Kusini mwa mji, kuelekea Pangani, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, na humo huruhusiwi kujichukulia samaki wala jiwe. Hata nje ya hifadhi, waulize watu wa uvuvi kwanza. Ukishapewa ruhusa ya kumtoa kiumbe mwambani, uzembe wa kumuua kwa ugonjwa unaozuilika unaniuma kweli.

"Madoa yameisha, amepona"

Hapa ndipo tunapopoteza samaki wengi. Anayesema hivi hakosei alichokiona. Anakosea maana yake.

Fuata safari ya *Cryptocaryon*. Lile doa dogo kama punje ya chumvi kwenye pezi ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, kinakula. Hukaa hapo siku 3 hadi 7, kisha hujitoa chenyewe. Mwenye tangi anaamka, anamkuta kangaja wake msafi, anashukuru Mungu. Wakati huohuo kimelea kimetua mchangani au juu ya jiwe, kimejifunga ndani ya kifuko kigumu, na humo kinajigawa. Kifuko kimoja kinaweza kutoa hadi vitoto 200 hivi. Vingi hupasuka kati ya siku ya 3 na ya 28, na vipo vilivyowahi kuchelewa zaidi ya miezi miwili. Vitoto vikitoka vina siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo vinakufa. Kwenye tangi vinampata, na safari hii vinaingia kwa makumi, vingine kwenye matamvua ambako jicho lako halifiki. Ndiyo maana wimbi la pili huua kuliko la kwanza.

Ukiuelewa mzunguko huu utaona kwa nini karantini inamlinda samaki mgeni, lakini inalilinda zaidi tangi. Kimelea kikishaingia kwenye mchanga na mawe yako, tatizo si la samaki mmoja tena, na huwezi kutibu mle ndani bila kuua matumbawe, kamba na konokono.

*Amyloodinium* hana hata huruma ya kukupa muda. Huanza na matamvua, na samaki anaweza kufa ndani ya siku chache kabla hujaona chochote juu ya ngozi. Kinachomfichua ni pumzi: samaki anahema haraka haraka, anasimama mbele ya maji yanayotoka kwenye pampu, anakataa chakula. Usiku zima taa, mmulike kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Lile vumbi linaonekana kwa mwanga wa pembeni na kupotea ukihamisha tochi.

"Mtie maji baridi dakika tano, basi"

Kumwogesha samaki kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, kuna kazi yake. Minyoo bapa inayojishika kwenye ngozi na macho hugeuka myeupe na kudondoka, utaiona chini ya beseni. Lakini madoa meupe yamejificha chini ya ngozi, maji hayo hayayafikii. Na ukitumia maji ya bomba yenye klorini, ambayo hujayalinganisha na maji ya samaki kwa joto na pH (kipimo cha asidi ya maji), unamtesa bure.

"Karantini yenyewe ndiyo inayoua"

Hii naiheshimu, kwa sababu mara nyingi anayeisema kashuhudia. Samaki alikuwa mzima, akawekwa kwenye ndoo, siku ya nne kafa. Kilichomuua karibu kila mara ni amonia. Chombo kipya hakina bakteria wa kuila taka ya samaki, mfugaji kalisha kupita kiasi, na kwa joto letu pamoja na pH ya maji ya bahari, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo huwa katika hali yake ya sumu. Karantini mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, hilo nakubali. Dawa yake ni kuifanya vizuri.

Kwa samaki wadogo na wa kati, diaba safi la lita 80 au 100 linatosha. Chini usiweke mchanga wala mawe. Mwekee vipande vya bomba la plastiki la maji, vipana vya kumtosha kuingia na kujificha, maana samaki asiye na maficho hatulii wala hali. Pampu ya hewa na filta ya sifongo. Sifongo hiyo iwe imekaa kwenye tangi lako kubwa wiki nne au zaidi kabla, ili ije na bakteria wake. Kipimajoto, kipima chumvi, na vipimo vya amonia. Kifuniko pia, kangaja anaruka. Na kwa sababu umeme hukatika, pampu ndogo ya betri iwe karibu.

Halafu sisi wa Tanga tuna njia ambayo mwenye kununua chumvi huiona ghali: kumhamisha samaki. Unakuwa na madiaba mawili. Kila baada ya saa 72 unamhamishia kwenye diaba jingine lenye maji mapya ya joto na chumvi ileile. La kwanza unalimwaga, unalisugua, unalianika juani likauke kabisa pamoja na bomba na pampu zake. Unafanya hivyo mara nne, siku 12 kwa jumla. Vimelea vinavyodondoka vinabaki kwenye diaba la nyuma, vikifia juani kabla vifuko havijapasuka, na amonia haipati nafasi ya kupanda. Bila dawa yoyote *Cryptocaryon* anaachwa njiani. *Amyloodinium* na minyoo bapa haviondoki kwa njia hii, kwa hiyo baada ya siku 12 bado mwache pembeni umtazame.

Maji yenyewe usiyachote popote. Mito ya Zigi na Mkulumuzi inamwaga kwenye bahari hii, na wakati wa masika maji ya karibu na milango yake yanakuwa mepesi na machafu. Chota maji yanapojaa, mbali na mito na mifereji ya mji, na upime: yanayofaa yako karibu na gramu 35 za chumvi kwa lita. Yachuje, yaache gizani yatulie. Anayetaka uhakika zaidi huyatia klorini, kisha huiondoa kwa sodiamu thayosulfeti na kupima kabla ya kumwingiza samaki.

"Tia mrututu kidogo, kwa kukadiria"

Mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba inatibu kweli, madoa na vumbi pia. Inaua vimelea vile vinavyoogelea, haivifikii vilivyo chini ya ngozi wala vilivyo ndani ya kifuko, ndiyo maana inabidi ikae majini wiki mbili hadi tatu bila kushuka. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 za shaba kwa lita. Chini ya hapo unapoteza muda, juu ya hapo unamuumiza samaki. Sasa piga hesabu: mrututu robo yake tu ndiyo shaba, kwa hiyo diaba la lita 100 linahitaji takriban miligramu 80, yaani haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Kijiko hakiwezi kupima hicho. Na mrututu wa shambani haukuandikiwa usafi wake kwa ajili ya samaki. Usiutumie. Tumia dawa ya shaba ya akwariamu pamoja na vipimo vyake, ufuate maandishi yake, maana zipo za aina nyingine zenye viwango tofauti na hivi, na upime kila siku. Usiitie kamwe kwenye tangi lenye matumbawe, kamba au konokono.

Kuna na hawa wa kitunguu saumu na wa samaki msafishaji. Kitunguu saumu kinaweza kumvutia samaki ale, hakitibu madoa. Msafishaji, *Labroides dimidiatus*, huokota vijidudu vya juu ya ngozi, hachimbui kilicho chini yake. Naye anahitaji karantini kama mwingine.

"Siku tatu zimetosha, anakula vizuri"

Wiki nne. Ukirejea mzunguko ule utaona siku tatu haziambii kitu. Na wiki hizo si za hasara. Kitatange, kwa mfano, ni mgumu kula akiwa na wenzake wanaomnyang'anya. Akiwa peke yake, mpe chaza aliyefunguliwa, akiwa bado ndani ya ganda lake. Atazunguka, atainama ubavu, ataanza kudonoa kwa ule mdomo mrefu. Akishazoea, mfinyangie chakula kingine ndani ya ganda lilelile. Atakayeingia tangi kubwa ni samaki anayejua kula, si mwoga anayekonda pembeni.

"Matumbawe na konokono hawaugui ugonjwa wa samaki"

Hawaugui, ila wanaubeba. Kifuko hujishika kwenye ganda la konokono, kwenye shina la tumbawe, kwenye jiwe. Waweke kwenye chombo kisicho na samaki kabisa, bila shaba, wiki sita au zaidi, kwa maji ya joto la nyuzi 27 hivi. Wenye tahadhari hufika siku 76. Hesabu ni hiyohiyo kwa tangi ambalo tayari limeingia ugonjwa: toa samaki wote, wote kabisa, uwatibu pembeni, na uliache tangi na matumbawe yake bila samaki kwa muda huo. Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji viwe vya diaba la karantini peke yake, na diaba lisikae ubavuni mwa tangi, kwa kuwa matone yanayorushwa na mapovu ya pampu yanaweza kubeba vimelea hadi upande wa pili.