Dawa nyingi kwa pamoja: majaribio ya tibakemia yanavyopima tiba ya saratani iliyosambaa

Mgonjwa anapofika kliniki ya saratani jijini Mbeya akitokea Makete, Ludewa, Kyela au Tunduma, na vipimo vikaonyesha kwamba ugonjwa umeshatoka ulipoanzia na kuingia kwenye ini, mapafu au mifupa, swali la ndugu zake huwa karibu lile lile: je, hakuna dawa kali zaidi ya hii? Wengine wamesikia kwamba kuna wagonjwa wanaotundikiwa dripu za tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, za aina tatu kwa siku moja, wakahitimisha kwamba anayepewa dawa moja amepunjwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini idadi ya dawa haitoshi kutuambia tiba ipi ni bora. Jibu hupatikana kwa jaribio lililowalinganisha wagonjwa wa hali moja kwa haki, na majaribio ya namna hiyo yameshatoa majibu ambayo hata madaktari hawakuyatarajia.

Hoja ya kuchanganya dawa si ngeni katika Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa kila aliyeuguza mtu mwenye kifua kikuu ameiona. Streptomycin ilipotumika peke yake katika miaka ya 1940, wagonjwa wengi walipata nafuu kwa miezi michache, kisha vimelea vilivyosalia vikawa sugu na ugonjwa ukarudi. Ndiyo sababu leo mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida huanza na dawa nne kwa pamoja. Uvimbe wa saratani nao una seli zisizofanana: dawa moja huua nyingi, lakini zile chache zinazoistahimili huzaana, na baada ya muda uvimbe mzima huwa wa uzao wao. Dawa ya pili yenye njia tofauti ya kushambulia inaweza kuziwahi seli hizo kabla hazijatawala.

Hata hivyo, si kila dawa zinafaa kuunganishwa. Kanuni ya msingi ni kwamba kila dawa iwe imeonyesha nguvu ikiwa peke yake, ishambulie kwa njia yake, na madhara yake makubwa yaangukie kiungo tofauti na kile kinachoumizwa na mwenzake. Cisplatin huelemea figo, doxorubicin moyo, bleomycin mapafu, na vincristine mishipa ya fahamu, hivyo mgonjwa hulalamika ganzi za vidole. (Vincristine hutokana na ua lenye asili ya Madagaska ambalo watu wengi hulipanda uani kama pambo. Kulichemsha nyumbani na kulinywa ni kujitilia sumu, kwa sababu kipimo cha dawa hii hospitalini hupimwa kwa miligramu chache mno.) Ugumu ni kwamba dawa nyingi za saratani zina mahali pamoja pa kuumiza, nao ni uboho, kiwanda cha damu mwilini. Kwa hiyo unapoongeza dawa ya tatu, mara nyingi hulazimika kupunguza dozi ya ile ya kwanza, na hapo hakuna awezaye kujua kwa kukisia kama mgonjwa amepata zaidi au amepoteza.

Mafanikio ya mwanzo yalikuwa makubwa. Katika miaka ya 1960 nchini Marekani, Emil Frei na Emil Freireich waliwapa watoto wenye saratani ya damu dawa nne kwa pamoja, jambo ambalo baadhi ya wenzao waliliona kuwa ni ukatili. Vincent DeVita na wenzake walianza mwaka 1964 kutumia mchanganyiko wa dawa nne kwa saratani ya tezi za limfu aina ya Hodgkin iliyosambaa, na ripoti yao ya mwaka 1970 ilionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi ugonjwa ulitoweka, na sehemu yao haukurudi tena. Tangu hapo imani ikakua kwamba ikiwa dawa nne zinafanya kazi, basi sita au nane zitafanya zaidi.

Imani hiyo ilipimwa. Kwa saratani nyingine za tezi za limfu, mchanganyiko uliozoeleka ulikuwa wa dawa nne unaoitwa CHOP, ambao hadi leo unatumika sana, hapa Tanzania pia. Vituo mbalimbali vya Marekani na Kanada vilitengeneza michanganyiko mipya mitatu ya dawa sita hadi nane, na kila kituo kiliripoti kwamba wagonjwa wake wanaishi zaidi kuliko wale wa CHOP wa zamani. Ndipo wagonjwa 899 walipogawanywa kwa kura katika makundi manne na kufuatiliwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1993, takribani nusu ya wagonjwa katika kila kundi walikuwa hai baada ya miaka mitatu, bila tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye vifo vilivyosababishwa na dawa zenyewe: asilimia 1 kwa waliopata CHOP, na hadi asilimia 6 katika mmoja wa michanganyiko mipya. Ripoti za awali hazikuwa za uongo. Zilikuwa zimelinganisha wagonjwa wa leo na wagonjwa wa jana, na wagonjwa waliochaguliwa kwa tiba mpya na nzito mara nyingi huwa wale wenye nguvu kuliko wengine.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kura. Mgonjwa anapokubali kushiriki jaribio la hatua ya tatu, yaani hatua ya kulinganisha tiba mpya na ile inayotumika, hakuna daktari anayemchagulia kundi, hata kama anamfahamu na anampenda. Hatua mbili za mwanzo hutafuta dozi inayovumilika na dalili kwamba uvimbe unaitikia, na kwa dawa za saratani hufanyika kwa wagonjwa wenyewe, kwa kuwa sumu hizi ni nzito mno kumpa mtu asiyeumwa. Hatua ya tatu ndiyo inayobadilisha tiba hospitalini.

Jaribio linalotuhusu zaidi ni lile la saratani ya ngozi aina ya Kaposi kwa watu wanaoishi na VVU, ugonjwa unaofahamika vizuri katika mikoa yetu. Kwa miaka mingi hospitali nyingi za Afrika zilitumia mchanganyiko wa bleomycin na vincristine, au vidonge vya etoposide, kwa kuwa vilipatikana na vilikuwa nafuu. Kuanzia mwaka 2013 wagonjwa wenye ugonjwa uliofikia hali mbaya walisajiliwa nchini Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Wote walipewa dawa za kufubaza VVU, kisha kura ikaamua nani apate vidonge vya etoposide, nani apate dawa mbili za mchanganyiko, na nani apate paclitaxel peke yake. Kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu jaribio likiendelea iliagiza kundi la etoposide lifungwe mapema, na baadaye kundi la mchanganyiko nalo likafungwa, kwa sababu waliopata paclitaxel walikuwa wakienda vizuri zaidi. Baada ya wiki 48, ugonjwa ulikuwa haujaendelea kwa asilimia 64 ya waliopata paclitaxel, ikilinganishwa na asilimia 44 ya waliolinganishwa nao kwa kupewa dawa mbili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Dawa moja iliushinda mchanganyiko, na aliyethibitisha hilo ni mgonjwa wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, na wenzake wa nchi jirani, wenye maisha yanayofanana na yetu.

Si kila jaribio hutoa jibu lililonyooka namna hiyo. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa kuwapata wanawake wa Tanzania, jaribio lililochapishwa mwaka 2004 liliongeza paclitaxel juu ya cisplatin kwa wanawake ambao ugonjwa ulikuwa umesambaa au kurudi. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 36 ya waliopata dawa mbili, dhidi ya asilimia 19 ya waliopata moja. Lakini muda wa kuishi ulikuwa karibu sawa, takribani miezi tisa kwa makundi yote mawili. Je, mchanganyiko ulishinda? Kwa mama anayevuja damu au anayeumia kwa sababu ya uvimbe, kupungua kwake ni nafuu ya kweli. Kwa anayeuliza kama ataishi zaidi, jaribio hilo halikumwahidi hivyo. Ndiyo maana ukisikia redioni kwamba dawa fulani "imefanya vizuri", uliza imefanya vizuri katika kipimo kipi: kupunguza uvimbe, kuchelewesha ugonjwa, kurefusha maisha, au kumwezesha mgonjwa kula, kulala na kutembea.

Uliza pia waliopimwa walikuwa nani. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mchanganyiko mzito wa saratani ya kongosho iliyosambaa uliwapa wagonjwa muda wa kati wa kuishi wa miezi 11.1, dhidi ya miezi 6.8 kwa dawa moja ya gemcitabine. Muda wa kati una maana kwamba nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya hapo na nusu pungufu, kwa hiyo si tarehe ya mtu yeyote. Waliosajiliwa walikuwa na umri usiozidi miaka 75 na walikuwa bado wanajihudumia wenyewe na kutoka nyumbani. Mzee anayeletwa amebebwa, aliyekwisha kukonda na kulala kutwa nzima, hakuwamo katika jaribio lile, na kumpa tiba ile kwa sababu ya takwimu zile ni kumkopesha matokeo ya mtu mwingine.

Tena kuna la mazingira. Ndani ya mchanganyiko huo imo oxaliplatin, dawa ambayo kwa siku kadhaa baada ya dripu humfanya mgonjwa ashtuke kwa maumivu kama ya shoti ya umeme anapogusa maji ya baridi, na koo kumbana anapoyanywa. Mgonjwa wa Dar es Salaam huweza kulikwepa hilo kwa urahisi. Wa Makete, Njombe au Mufindi mwezi Juni, ambako maji ya bomba asubuhi hukaribia kuganda, anahitaji glavu, maji ya uvuguvugu na mtu wa kumchotea, na daktari anayepanga tiba anapaswa kuuliza kama vitu hivyo vipo.

Mbeya imezoea majaribio ya kitabibu, kwa kuwa utafiti wa dawa za kifua kikuu na chanjo za VVU umefanyika hapa kwa miaka mingi. Hata hivyo maswali ya chumba cha ridhaa hayajabadilika. Chukulia mama wa makamo kutoka Rungwe aliyealikwa kwenye jaribio la kulinganisha dawa moja na mbili. Muuguzi amemsomea fomu yote, na mama anauliza:

"Mwanangu, hiyo kura nikikosa, nitaachwa bila dawa?"

"Hapana, mama. Kila kundi linapata tiba. Kundi moja linapata ile tunayoitumia siku zote, lingine linaongezewa dawa ya pili. Hatujui bado ipi inafaa zaidi. Tungejua, tusingepiga kura."

"Na nikikataa, daktari hatanuna?"

"Anune kwa lipi, mama? Utatibiwa vile vile. Hata ukikubali leo, ukaamua kuacha mwezi ujao, hudaiwi sababu."

Kama mama huyo hasomi, sheria ya utafiti inataka awepo shahidi asiye mtumishi wa jaribio, asikie yote yanayoelezwa, ndipo mama aweke dole gumba. Sioni ubaya akienda kwanza nyumbani kushauriana na wanawe. Anayeharakishwa kusaini siku ile ile ana haki ya kutilia shaka. Kwa hapa nchini jaribio la dawa halianzi kabla ya kupata kibali cha kamati ya kitaifa ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mshiriki anaweza kuomba kuonyeshwa vibali hivyo. Akiombwa alipie dawa inayojaribiwa, asitoe pesa kabla ya kuuliza kwenye kamati ya maadili, ambayo mawasiliano yake lazima yawemo kwenye fomu.

Mwisho ni suala la homa, ambalo mshiriki na ndugu zake wanapaswa kulielewa kuliko lingine lolote. Takribani kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, seli nyeupe za damu hushuka hadi chini kabisa, na zikichanganywa dawa mbili au tatu hushuka zaidi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku hizo ni dharura, hata kama mgonjwa bado anatembea na kuzungumza. Asipewe panadol akasubirishwa mpaka basi la asubuhi. Anahitaji kipimo cha damu na antibiotiki ya kwenye mshipa ndani ya muda mfupi. Kabla ya kukubali mchanganyiko wowote, ndani au nje ya jaribio, familia ikubaliane na kliniki ni kituo gani cha afya cha karibu kitakachompokea usiku, nani ana gari au bodaboda ya kumfikisha wakati wa masika, na namba ipi ya simu itapokelewa. Asiyekuwa na majibu hayo ashauriwe kukaa karibu na hospitali katika wiki hizo mbili, au apangiwe tiba nyepesi zaidi.