Je, wajua? Kwa nini lengo la tabianchi ni kufikisha utoaji wa hewa ukaa sifuri, si nusu?

Mkataba wa tabianchi wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 haukutaja sifuri popote. Ulitaka tu kiwango cha gesijoto (gesi zinazonasa joto, kama hewa ukaa) angani kitulie kabla hakijafika pa hatari. Itifaki ya Kyoto ya 1997 nayo ilizungumza kwa asilimia: nchi tajiri zipunguze wastani wa asilimia 5 hivi chini ya kiwango cha 1990. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilitoka kwenye meza ya mazungumzo, baada ya kuvutana.

Sifuri ililetwa na fizikia, tena kwa kuchelewa. Mwaka 2008 wanasayansi wa tabianchi Damon Matthews na Ken Caldeira walionyesha kwamba joto haliwezi kutulia mpaka utoaji wa hewa ukaa ukaribie sifuri. Aprili 2009 jarida la kisayansi la Nature likachapisha makala mbili, moja ikiongozwa na Myles Allen wa Oxford, nyingine na Malte Meinshausen. Hoja yao: kinachoamua joto ni jumla ya hewa ukaa yote iliyotolewa tangu mapinduzi ya viwanda. Kundi la Allen lilikadiria kwamba tani trilioni 1 za kaboni zingepandisha joto kwa nyuzi 2 hivi, na nusu yake ilikwisha kutolewa. Tani iliyotoka kiwandani Manchester mwaka 1850 inahesabiwa sawa na ya leo.

Kwa nini? Kwa sababu sehemu ya hewa ukaa hubaki angani kwa mamia, hata maelfu ya miaka. Ni kama deni la dukani: ukishusha mkopo wa unga kutoka kilo mbili kwa siku hadi moja, daftari la mwenye duka bado linajaa, ila polepole. Methani, ile ya ng'ombe na mashamba ya mpunga, haifanyi hivyo. Huvunjika ndani ya mwongo mmoja hivi, kwa hiyo si lazima ifike sifuri ili joto litulie.

Basi kwa nini sifuri "halisi", si sifuri tupu? Saruji na ndege, kwa mfano, ni vigumu kuviondolea hewa ukaa kabisa. Kinachobaki kifidiwe kwa kuondoa kiasi hichohicho angani, kwa misitu au kwa mitambo. Wanasheria kama Farhana Yamin, aliyezishauri nchi ndogo za visiwa, walilipigania lengo hilo hadi mkataba wa tabianchi wa Paris wa mwaka 2015. Cha ajabu, neno sifuri halimo kwenye mkataba huo. Ibara ya 4 inasema "uwiano" kati ya gesi zinazotolewa na zinazoondolewa, katika nusu ya pili ya karne hii.

Oktoba 2018, jijini Incheon, Korea Kusini, IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, likaweka tarehe: ili ongezeko la joto lisizidi nyuzi 1.5, hewa ukaa ifike sifuri halisi karibu na 2050, baada ya kupungua kwa asilimia 45 hivi kufikia 2030, ikilinganishwa na 2010. Hapo ahadi zikamiminika. Uingereza ilitunga sheria ya 2050 mwezi Juni 2019, China ikataja 2060, India 2070.

Kwa maoni yangu, mwaka wa kufika umepewa sifa isiyo yake. Nchi mbili zinaweza kufika sifuri siku moja, moja ikiwa imepunguza mapema, nyingine ikiwa imechoma makaa hadi dakika ya mwisho. Kwa hesabu ya 2009, hizo hazilingani hata kidogo.